Siku Niliyoshindwa Kumaliza Firigisi

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kitengela. Kabla sijaugua nilijulikana kwa mambo mawili, kuongea na kula. Nilifundisha kutwa nzima, Jumapili niliimba besi kanisani, na nikirudi nyumbani kwetu Noonkopir nilisalimiana na mtaa mzima kabla ya kuvua viatu. Nasema haya ili mjue ugonjwa ulimnyamazisha mtu wa namna gani.

Kwetu magharibi mwa Kenya, kuku akichinjwa firigisi ni ya mwenye nyumba. Tunaiita imondo. Hata mtoto mdogo anajua haiguswi, na mama akiipoteza wazee wanaweza kuitwa. Basi Jumapili moja nikaanza kutafuna imondo yangu kama kawaida, na katikati ya kutafuna taya likachoka. Sikuwa na jino bovu wala maumivu. Lilichoka tu, likaning'inia, ikabidi nilishikilie kwa mkono. Niliacha nusu nzima kwenye sahani nikasema nimeshiba.

Mke wangu, Mama Nekesa, hakuona ugonjwa. Aliona mwanamume aliyekataa imondo yake. Jumapili iliyofuata nilipoiacha tena, alitoa vyombo, kisha akarudi akasimama mbele yangu.

"Baba Nekesa, niambie ukweli. Kuna mahali ingine unapikiwa?"

Nilitaka kucheka na kukana. Lakini sauti ilitokea puani, na uso wangu ulipojaribu kutabasamu ulikunjamana kama wa mtu anayemdharau mwenzake. Alienda kulala akilia. Nilikaa pale mezani nikishika kidevu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Mambo yakazidi. Ikifika mchana kope zilishuka zenyewe. Niliona kila mwanafunzi mara mbili, na darasa langu tayari lilikuwa limejaa kupita kiasi. Mzazi mmoja alimwambia mkuu wa shule kwamba ninakuja kazini nimelewa. Mwenye nyumba tunayopanga, Mzee Parsaloi, alinisalimia kwa Kimaasai, "Sopa, Mwalimu," na nilipomwitikia aliniuliza amenikosea nini hata ninamnunia. Kichwa kikawa kizito, nikawa nakiegemeza ukutani. Chai ilirudi kupitia puani. Hapo Mama Nekesa aliniona nikipaliwa na ugali laini, akaacha ugomvi siku hiyo hiyo.

Tulizunguka kliniki nyingi, na kila mahali niliambiwa ni uchovu au mawazo. Nilipewa vitamini na dawa za vidonda vya tumbo. Sikuwalaumu. Mimi ni mtu wa kuwahi, kwa hiyo nilifika asubuhi na mapema nikiwa nimelala vizuri, na kumbe ugonjwa wangu hupungua mtu akipumzika. Nilipokaa kwenye benchi nikisubiri zamu, misuli ilipata nguvu. Nilipoingia kwa daktari macho yalikuwa wazi na sauti safi, nikaonekana mtu anayetafuta ruhusa ya kukosa kazi. Kufika nyumbani jioni, siwezi hata kusukutua maji mdomoni.

Mwishowe tulielekezwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa na kliniki Kajiado. Alfajiri ya siku hiyo nilisikia kuku analia nje. Mama Nekesa alikuwa anachinja. Alichemsha imondo, akaitia kwenye kontena, akaifunga kwa kitambaa. Nilimwomba asinitie aibu mbele ya watu waliosoma. Akaniambia aibu ya mtu mzima ni kufa akiwa na mke mwenye akili.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Aliniuliza shida ni nini, nikaanza kueleza kwa ile sauti yangu safi ya asubuhi. Mke wangu alifungua kontena akaiweka mezani kwake.

"Daktari, usimsikize. Mwangalie akikula hii."

Nilitafuna mbele yake. Mwanzo nilitafuna kama kijana. Baadaye taya likapunguza mwendo, likashuka, mate yakanichuruzika hadi kwenye tai. Daktari hakucheka. Aliniambia nitazame dari bila kupepesa, na kope zikaanza kuteremka, ya kushoto ikifunga kabisa. Alituma barafu iletwe, akaifunga kwenye plastiki na kuniwekea juu ya jicho kwa muda. Alipoitoa, kope ilikuwa imepanda, maana baridi huupa nguvu kidogo msuli unaochoka namna ile. Mama Nekesa alinishika bega akaanza kuomba kwa Kiluhya.

Damu yangu ilipelekwa maabara Nairobi, na majibu yakathibitisha alichoshuku, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi. Alitueleza taratibu. Mwili una kingamwili, nazo ni askari wake wa kupigana na vijidudu. Zangu zilikosea adui. Zilikaa pale ambapo neva hupeleka ujumbe kwa msuli, zikaziba na kuharibu.

"Mwalimu, ubongo wako unatuma ujumbe vizuri," alisema. "Ni askari wa gate yako wamemfungia mwenye nyumba nje."

Nililia. Nililia kwa furaha, kwa sababu sikuwa mlevi, wala sikuwa nimerogwa, wala mke wangu hakuwa na sababu ya kunishuku.

Sitawadanganya kwamba iliishia hapo. Kabla dawa hazijashika vizuri nilipata homa ya kifua, na misuli ya kupumua nayo ikachoka. Nilikimbizwa Nairobi, nikawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Mashine nyingine ilitoa damu yangu, ikaondoa zile kingamwili, ikanirudishia damu. Nilihisi baridi hadi kwenye mifupa. Lakini asubuhi moja niliinua kichwa kutoka kwenye mto bila kusaidiwa, na muuguzi akaita wenzake waje waone.

Leo nafundisha. Kingamwili zangu bado zipo, ila dawa zimezituliza, na dawa hizo siziachi hata nikijisikia fahali. Namshukuru Mungu, na namshukuru daktari yule aliyeangalia mtu akila bila kuona amepotezewa muda. Wewe unayesoma hapa ukiwa na nguvu asubuhi na huna jioni, usiende kwa daktari umepumzika tu ukamweleza kwa mdomo. Nenda umechoka, au chukua video saa ile mbaya. Na usinunue dawa yoyote dukani kabla hujauliza, maana ziko zinazozidisha ugonjwa huu. Wala usiogope kula na sisi tulio nao, hauambukizi.

Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali Mama Nekesa alichinja jogoo. Aliweka imondo mbele yangu, akakaa, asiguse chakula chake. Watoto nao wakaacha kula, wote wakitazama taya langu. Nilitafuna. Katikati nilifikiria kumgawia mke wangu nusu, kwa yote aliyonifanyia. Sikumgawia. Niliila yote mpaka mwisho, mdomo nimeufunga, mikono yote miwili juu ya meza, na aliyelia ni yeye.