Saa Moja Kutoka Ng'ambo ya Mto

Ilianza Jumapili, saa moja na robo asubuhi. Ndivyo simu yangu ilivyosema, na mimi naiamini kuliko macho yangu.

Siku hiyo nilikuwa nisome somo la kwanza kanisani, hapa Bwera, mara ya kwanza maishani. Mimi mbele za watu hunyauka kama mchicha juani. Lakini katekista alinitetea kwa wazee wa kanisa: "Huyu ataweza." Misa ni saa mbili, kwa hiyo nikaoga taratibu.

"Wewe, jua limepanda!" bibi akaita kutoka jikoni.

"Bado, bibi. Ni saa moja na nusu tu."

Jua nililiona. Nikasema leo limewahi. Kwaya niliisikia ikiimba. Nikasema wanafanya mazoezi. Hata njaa ilipouma nikaona ni woga tu.

Nilipoingia kanisani padri alikuwa anahubiri. Somo lilikuwa limesomwa na mtu mwingine. Kusema kweli, moyo uliona raha kwanza. Halafu nikauona uso wa katekista.

Baada ya misa akaniambia polepole, "Ungesema tu unaogopa, binti. Nisingekulazimisha."

Nikamwonyesha simu. Mama mmoja wa kwaya, mfanyabiashara kutoka Butembo, upande wa Congo, akachungulia, akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Lakini weye, mutoto! Simu yako iko Congo! Mwili tu ndiyo iko Uganda!"

Hapa mpakani hata watoto wanajua: simu ikishika mtandao wa ng'ambo ya mto, inarudi nyuma saa moja. Ndiyo maana mtu akikutajia saa, unamuuliza, "Ya wapi?" Mimi muhula mzima nilikuwa shuleni Kasese, ambako saa ni moja tu, nikapoteza mazoea ya kuuliza.

Katekista alitabasamu kidogo. "Kesho kuna misa ya alfajiri, saa kumi na mbili na nusu. Utakuja kusoma?"

"Nitakuja."

"Saa ya wapi?" yule mama akadakia.

"Ya Uganda, mama!"

Asubuhi iliyofuata nilifika hata mlango haujafunguliwa. Watu walikuwa kama kumi, wengi akina bibi. Mstari wa kwanza nikaumeza. Katekista akainua kiganja: sauti, sauti. Nikaanza upya, kwa nguvu kiasi kwamba bibi mmoja aliyekuwa anasinzia alishtuka, na nikasoma mpaka mwisho.