Harufu Niliyomficha Mama Mkwe

Nakumbuka mchana mmoja wa joto, mwanangu, nimepiga magoti kwenye sakafu ya bafu letu la Kariakoo, nimebana pumzi, nasukuma kitambaa kwa kidole gumba ndani ya tundu la kutolea maji. Juu ya kitambaa nikaweka jiwe. Kisha nikanusa mikono yangu, nikanusa kanga yangu, nikaenda kumnusa mtoto wangu aliyekuwa amelala chumba cha pili. Mama mkwe wangu alikuwa njiani, anakuja kutoka Moshi.

Umeniambia bafu la wageni huko kwenu ghorofani limeanza kunuka, na kwamba sasa unaona haya kukaribisha watu. Kaa nikusimulie. Jambo hilo mimi lilitaka kunitenganisha na mtoto.

Tulikuwa tunakaa ghorofa ya tatu, karibu na Mtaa wa Msimbazi, katika jengo la zamani ambalo bafu lilikuwa peke yake na choo peke yake. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja kule Posta. Mimi nilishinda nyumbani na Aika, mtoto wetu wa kwanza, ambaye nilikuwa ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mama Hansa, mama wa Kihindu, mtu mzima, aliyelea watoto wake wote katika jengo lile lile.

Miaka ile ilikuwa ya foleni. Sabuni foleni, unga foleni, na maji ndiyo usiseme. Ghorofani kwetu yalipanda yakijisikia tu. Siku nyingi tulichota kwenye bomba la uani, tukapandisha ndoo ngazi zote zile, tukajaza pipa lililokaa bafuni. Hakuna tone lililopotea mikononi mwangu. Tulioga tukiwa tumesimama ndani ya beseni kubwa, na maji yale ya kuogea nikayabeba kwenda kumwaga chooni. Nilijiona mke hodari kabisa.

Harufu ilianza kidogo, kama yai lililooza nyumba ya tatu. Nikapiga deki kwa kitambaa chenye majimaji. Ikazidi. Nikaweka majivu, nikaweka maganda ya ndimu, nikapanga foleni ya finaili nikarudi mikono mitupu. Mwishoni nikaanza kuchoma udi asubuhi na jioni. Harufu ile ilikuwa na adabu ya ajabu: ilikaa kimya ikisubiri udi uzimike.

Mume wangu hakujali. "Mji mzima unanuka, Mama Aika," alisema. "Mama atanusa mji, hatanusa bafu."

Lakini mpwa wake alikuwa ameleta maneno kutoka nyumbani: Mama anakuja kumwona mtoto, na akikuta hewa ya mjini haimfai, atapanda naye Moshi. Usidhani alikuwa anatishia tu. Kwetu si ajabu mtoto aliyeacha ziwa kwenda kulelewa na bibi yake. Binamu yangu mmoja alichukuliwa hivyo hivyo, na aliporudi alikuwa anamwita mama yake shangazi. Na Aika wangu wiki ile alikuwa na kikohozi. Kila akikohoa, nilitazama mlango wa bafu.

Mama akafika jioni, mkungu wa ndizi begani, hana hata dalili ya uchovu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akasimama mlangoni, akavuta hewa. "Hapa leo kuna arusi?"

"Hapana, Mama. Ni udi tu."

"Aa. Nimedhani nimechelewa pilau."

Nikacheka kuliko mzaha ulivyostahili. Usingizi sikuupata vizuri.

Kesho yake, jua lilipopanda, udi ukaniishia. Nilikuwa namenya ndizi nilipomwona Mama amesimama mlangoni mwa bafu. Alilisukuma jiwe kwa dole la mguu, akainama, akakivuta kile kitambaa taratibu mpaka kikatoka chote. Uvundo ukajaa hadi jikoni.

"Mtoto analala ukuta wa pili na hiki kitu?"

"Ndiyo, Mama."

Alinitazama akingoja niendelee. Mwanangu, nilikuwa na maneno mengi kifuani na hakuna hata moja lililotoka. Nikatazama ndizi zangu.

"Basi," akasema. "Kesho asubuhi napanda naye. Mfungie nguo zake."

Nikazifunga. Niamini, nilikunja vigauni vile kimoja kimoja kana kwamba nimetumwa dukani. Mume wangu aliporudi alijaribu kusema, mama yake akamwambia, "Eliakimu, hukuona au hukunusa?" Naye akaketi kuvua viatu.

Jioni ile, kabla ya kula, Mama akataka kuoga kwa ajili ya safari. Nikampelekea beseni. Akalirudisha nje.

"Mimi si mtoto wa kuogeshwa beseni. Huko kwetu mfereji unapita nyuma ya nyumba."

Nikasikia kopo likizama katika pipa. Maji yakamwagika sakafuni, pwaa! Kopo likazama tena. Lile lilikuwa pipa la nyumba nzima, na bombani palikuwa pakavu tangu juzi. Nilisimama nje ya mlango, mkono nimeuinua nibishe hodi nimwambie, Mama, maji ni ya shida. Ningemwambiaje mama mkwe aliyevua nguo kwamba anaoga sana? Mkono ukashuka wenyewe. Alipotoka, aking'aa na kuimba wimbo wa kanisani, pipa lilikuwa linaonyesha kutu ya chini.

Asubuhi niliamka kumwogesha Aika kwa maji kidogo yaliyobaki. Nikaingia bafuni nimejikaza, kama kawaida. Nikavuta pumzi. Hakuna kitu. Nikainama mpaka pua ikakaribia tundu. Harufu ya saruji yenye maji, basi.

Mama alikuwa sebuleni amefunga kilemba, Aika yuko mgongoni mwake tayari, furushi la nguo mkononi. Nikamshika mkono. Sikuwahi kumshika mkono hivyo.

"Mama, ngoja. Tafadhali njoo unuse."

"Ninuse nini tena?"

"Njoo tu, Mama."

Tukapiga magoti wote wawili, na mtoto mgongoni anacheka akidhani ni mchezo. Mama akanusa. Akanitazama. Nikatoka mbio nikagonga kwa Mama Hansa, nikamwomba aje, nikamweleza yote mbele ya mkwe wangu: kitambaa, beseni, pipa, kila kitu.

Mama Hansa hakushangaa hata kidogo. "Chini ya hilo tundu bomba limekunjwa," akasema, akikunja mkono wake kutuonyesha kiwiko. "Hapa kwenye kona maji lazima yakae. Hayo maji ndiyo mfuniko. Yakiwepo, harufu ya chini inabaki chini. Nyinyi mnaoga kwenye beseni, maji yote mnapeleka chooni. Mfuniko umekauka. Jana huyu mama ameujaza."

"Mama Hansa," nikasema, "mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Ningejuaje? Kila nikipita nasikia udi. Nikasema, hawa watu wa Moshi wanapenda udi kutushinda sisi!"

Alicheka peke yake. Mama mkwe alikuwa bado ananitazama.

"Kwa hiyo harufu hii ilikuwa inakuuma," akasema.

"Kila siku, Mama."

"Mimi nilidhani umeizoea. Nilidhani pua yako imeshakufa, na mama aliyezoea uvundo hataona mtoto akiugua. Ndiyo maana nikataka kumchukua. Nimekuambia mfungie nguo, ukafunga! Nikakuambia naoga, ukaniacha nikamaliza maji yenu! Wewe mdomo unautumia kwa kazi gani?"

Machozi yalikuwa yananitoka tu. Akafungua kanga mgongoni, akaniwekea Aika mikononi, akachukua ndoo mbili.

"Bomba liko wapi?" akauliza. Akashuka ngazi kwenda kupanga foleni, asubiri maji yarudi.

Mwanangu, bafu lako la wageni halitumiki, nayo kona ya bomba lake imekauka. Leo mwaga ndoo moja kwenye tundu la sakafuni, na usisahau sinki. Kila wiki ongeza kopo. Kama maji yanasita kwenda, inua kichujio utoe nywele na mabaki ya sabuni. Ikiwa bado inanuka, bomba lina ufa au limeziba mbali. Ita fundi, usione haya. Usizibe kwa kitambaa na usifukize. Ukificha kwa manukato, unamfukuza hata jirani ambaye angekusaidia.

Na jambo linapokutisha, liseme lingali dogo. Mwambie mumeo, mwambie mkweo, gonga mlango wa pili. Watu hawazijui hofu zetu; wanaona uso mkavu wanadhani tumeridhika. Heshima kwa mkubwa haijawahi kukataza kumwambia kweli kwa sauti ya upole. Nawe hujachelewa. Umeshaanza, maana umenisimulia mimi.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe nyumba yenye hewa safi na maji yasiyokatika, akupe kifua chepesi na watu wa kukusikiliza. Wanao wakulie machoni pako. Amina.