Redio ya Pwani ya Kengeja

Nilifika Kengeja jua limeshakuwa kali, mgongo unaniuma kwa kutikiswa na gari tangu mjini Chake. Mwenyekiti wa wavuvi akanisaidia kushusha sanduku la vifaa, kisha akatazama nyuma yangu.

"Karibu, Bi. Fundi anakuja na gari jingine?"

"Fundi ni mimi, Mzee."

Zamani swali hilo lilikuwa likinikasirisha. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kusomea umeme chuoni kwetu, na nimefundisha ufundi wa redio pale Madungu mpaka kichwa kimejaa mvi, lakini bado naulizwa. Siku ile hata nguvu za kukasirika sikuwa nazo. Nikaomba ngazi.

Redio yao ya kuzungumzia na vyombo vilivyoko baharini ilikuwa kimya tangu masika. Yenyewe haikuwa na kosa. Waya wa antena ndio ulioliwa na chumvi pale kwenye kiungo, umegeuka kijani. Nikakata palipoliwa, nikaunga upya, nikafunga maji yasipenye. Nilipowasha, ikaingia sauti ya nahodha mmoja, na wanawake waliokuwa wakimenya muhogo kando ya kibanda wakaacha visu.

Nilikuwa nafunga sanduku, natamani kitanda changu tu, bibi mmoja akanishika mkono.

"Mwanangu, wanaume wakishatoka tunabaki sisi hapa. Tufundishe na sisi."

Nikamtazama mwenyekiti.

"Wafundishe," akasema. "Mimi mwenyewe najua kuwasha tu."

Nikakaa tena chini, miguu imenivimba. Nikawaonyesha: bonyeza useme, achia usikilize. Bibi akabonyeza, akamwita mwanawe, akaanza kumgombeza. Eti kaondoka hajanywa chai, mkewe kamwacha na homa, na koti la mvua kalisahau mlangoni.

"Bi mkubwa, achia, hawezi kukujibu!" nikamwambia.

"Asijibu! Kwanza anisikie."

Wenziwe wakacheka mpaka wakashikana mabega. Alipoachia, sauti ikatoka inakwaruza: "Nimesikia, mama. Homa imepanda?"

Bibi akainamia redio, akamjibu polepole, kama mtu aliyekaa naye mkekani.

Waliniomba nirudi wiki iliyofuata. Njiani nilitunga kila sababu ya kukataa, na zote zilikuwa za kweli. Hata hivyo nilirudi. Siku hizi asubuhi bibi yule ndiye anayekaa kwenye redio, na manahodha wanamwogopa.