Ukurasa Niliomficha Nekesa

Ni mimi niliyechana ukurasa wa mwisho wa kile kitabu. Miaka yote hii nimewasingizia panya.

Juzi nilikiona mjini Kericho, jalada lilelile, kimetandazwa kando ya barabara kati ya vitabu vya mitumba, nikasikia tena harufu ya majani chai yakinyauka ndani ya magunia. Tulikuwa bado watoto, na alasiri ile lori la kiwanda cha chai lilichelewa. Mama zetu walingoja Roret, kwenye kituo cha kununulia majani chai, wangu na majani yake, wa Nekesa na mandazi ya kuuza. Sisi tulikuwa chini ya meza ya karani, kila mmoja ameshika upande wake wa riwaya ya mwandishi tuliyempenda kuliko walimu wetu wote. Tulipokaribia mwisho nikaogopa. Kitabu kikiisha, Nekesa atakuja kwangu kufanya nini? Mamake alipomwita, nikachana ukurasa nikauficha kwenye soksi.

“Chela, mwisho uko wapi?”

“Panya wamekula. Lakini mimi nilishausoma. Nitakuhadithia pole pole.”

Nilihadithia wiki tatu. Nilizua harusi mbili, mafuriko, na askari aliyefufuka. Nekesa alikuja kila siku.

Jana nilimpigia simu, nikaungama. Alicheka mpaka akakohoa.

“Wewe Chela! Kaka yangu alileta nakala nyingine kutoka shule wiki hiyohiyo, nzima. Mwisho niliujua siku ya pili.”

“Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini?”

“Kwani lazima kuwe na kitabu ndio nikuje? Halafu huyo askari wako, mpaka leo hujaniambia alifufukaje.”