Beti za Mwisho

Mwanamke aliyekaa mbele yangu katika ukumbi wa mihadhara amepaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na mrehani, na ghafla nimo tena sebuleni kwetu Stratford, ughaibuni, nimebanwa katikati ya magoti ya bibi, ananisuka.

Kila aliponisuka alinifundisha utenzi uliotungwa na bibi wa bibi yake, aliyewasomesha wasichana uani kwake wakati serikali ya Waingereza ilipojenga skuli ya wavulana tu. Alianza na beti za mwisho, zile ambamo mtunzi hujitaja jina.

"Mbona tunaanzia mwisho?"

"Kwa sababu Mzungu alipokuja kuunakili, beti hizo aliziacha. Alisema ni dua tu."

"Umejuaje kama ni kweli?"

Akanivuta nywele. "Nami nilifunzwa hivihivi, kwa kuvutwa nywele! Kichwa gani hiki, hata chanuo linalalamika. Haya, sema tena."

Nilisema tena, nimenuna, machozi yananilengalenga.

Sasa mhadhiri anauonyesha utenzi huohuo ukutani, na chini yake jina la Mzungu aliyeukusanya. "Mtunzi," anasema kwa upole, "kwa bahati mbaya hajulikani."

Hajulikani na nani? Alijitaja mwenyewe! Nyinyi mlilikata jina lake, na leo mnasikitika mbele yetu kana kwamba limepotea lenyewe.

"Kuna swali?" anauliza.

Mimi, niliyezaliwa na maswali, leo sina hata moja. Nasimama, nafungua kinywa, naanzia mwisho.