Jembe la Korongo

Wakili Valerian alizaliwa mwoga, na ubaya wa uwakili ni kwamba mtu hana pa kujificha. Mwaka 1966 kiwanda cha majembe cha ng'ambo kilimpa kesi. Donatus, mfanyabiashara wa Kahama, alikuwa akiigonga alama yao ya ndege korongo kwenye majembe yaliyofuliwa kwa vyuma vya mapipa. Jembe likionja udongo mzito wa mbuga mara mbili, linakunjika kama chapati. Kiwanda kikamwonya Valerian: akishindwa, wanatafuta wakili mwingine. Naye mteja mwingine wa maana hakuwa naye.

Shahidi alikuwa mmoja tu, Mama Mbuke, mkulima wa kule Kolandoto, aliyeuziwa jembe na Donatus kwa mkono wake.

Siku jaji alipokuja Shinyanga, Valerian alitapika nyuma ya mahakama, akajifuta kwa tai, akaingia. Akamwomba Mama Mbuke amwoneshe aliyemuuzia. Mama akajifunika khanga usoni, akageukia ukuta. Donatus akatabasamu kama fisi aliyekabidhiwa zizi.

 Valerian akamwinamia mkalimani, Msukuma wa hapo hapo, kumuuliza mama ana nini. Mkalimani akamnong'oneza kwa huruma: yule Donatus ni mkwilima, mkwe wake. Kesi ilipoahirishwa mara ya mwisho, Donatus alipeleka ng'ombe wa mahari akamwoa Mbuke, binti wa mama huyu. Na kwa Wasukuma mama mkwe hamtazami mkwe wala hamtaji jina. Valerian, mtu wa Bukoba, maskini wa watu, alijua sheria za alama za biashara za dunia nzima. Kuuliza binti wa shahidi kaolewa wapi, hakukumbuka.

Akamwomba jaji amtoe Donatus nje kidogo. Wakili wa Donatus akapinga, jaji akakubali. Mlango ulipofungwa, khanga ikashuka.

"Nani alikuuzia, mama?"

"Huyo aliyetoka."

Kesi ikawa imekwisha pale pale. Walipotoka nje, Donatus alikuwa anapanda gari lake, amempa mama mgongo kwa adabu zote za mkwe. Gari likashika njia ya Kahama. Mama Mbuke akamkamata wakili mkono.

"Mwanangu, Mbuke yuko nyumbani kwao Kahama peke yake. Huyu akifika, itakuwaje?"

Valerian akavua joho. Safari hii hakuwa na nafasi ya kutapika. Alikuwa katikati ya barabara, amenyoosha mikono yote miwili, analisimamisha lori la pamba liendalo Kahama.