Mswaki wa Baba Ulionuka Mukeke

Baba alikuwa karani bandarini, na mtaa wetu mzima wa Nyamianda ulijua kwamba ana mswaki wa dukani. Kila Jumapili baada ya misa aliwaketisha majirani uani kwetu na kuwafundisha kuutunza mswaki, ingawa wengi wao walisugua meno kwa kijiti. Usuuze vizuri. Ukung'ute maji. Uusimamishe ndani ya glasi, nywele zikitazama juu, upate hewa. Na usimwazime mtu, hata mkeo. Bibi, mama yake, alisikiliza huku akitafuna kijiti chake, kisha akakitupa nje ya ua.

"Minye yangu natupaka," alisema. "Weye yako unafuga."

Kazi yangu, nikiwa binti wa miaka kumi, ilikuwa kusafisha samaki. Magamba ya mukeke, samaki wa ziwa letu, hujificha chini ya mapezi na pembeni mwa matamvua, mahali ambapo kisu hakifiki. Mswaki wa baba ulifika. Mchana, yeye akiwa kazini, niliuchukua, nikasugua samaki wangu, halafu nikausuuza, nikaukung'uta na kuusimamisha nywele juu. Nilifuata mafundisho yake yote isipokuwa lile la kuazimana.

"Toka Wazungu waende," baba aliwalalamikia majirani, "hata dentifrice ya meno wanaitengeneza ovyo. Inanuka samaki."

Majirani walikubaliana naye. Mimi pia nilikubali, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha waasi wakaingia mjini, wakaanza kuwatafuta watu wa ofisi. Mwenye miwani, mwenye kalamu mfukoni, wote waliitwa vibaraka, na waliochukuliwa hatukuwaona tena. Baba akafukia miwani yake uani, akavaa shati lenye matundu, akabeba jembe, nasi watatu, yeye, Bibi na mimi, tukashika njia ya kijiji cha Mutarule kwa jamaa zetu wakulima. Jembe lenyewe alilishika kama mwavuli. Mswaki alikataa katakata kuuacha. Aliufunga ndani ya jani la mgomba na kuutia chini ya kikapu changu.

Kwenye kizuizi cha waasi mpiganaji mmoja kijana alimwaga kikapu chote barabarani. Jani likafunguka.

"Hii brosi ni ya nani?" aliuliza, akimtazama baba. "Hii ni ya muntu ya biro, karani."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hata hivyo nilipata nafasi ya kupiga hesabu: nikinyamaza, watamuua baba; nikisema, baba ataniua mimi.

"Ni yangu, yaya," nilisema, kama ninayemwita kaka yangu mkubwa. "Njo natoshaka nayo magamba ya samaki. Nusa."

Akanusa. Uso wake ukakunjamana. Akatafuta kwa ukucha katikati ya nywele, akatoa gamba moja jeupe, akalitazama, akacheka na kuwaita wenzake wanuse nao.

"Mupite," alisema.

Tulitembea mwendo mrefu. Bibi mabega yalikuwa yakimtikisika, na nilijua halii. Hatimaye baba akasimama.

"Toka lini?"

"Toka Pasaka, papa."

Akainama kwenye mfereji wa shamba, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Nilisubiri kofi. Badala yake alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakikumbatia kifuani, na nikasikia moyo wake bado unakimbia. Hapo ndipo nilipolia.

Mutarule nako waasi walipita mara kwa mara kupekua nyumba. Baba akajifunza kutafuna kijiti, Bibi akimwelekeza bila huruma. Mswaki ukawa wangu rasmi, na kila asubuhi nilimpelekea baba aukague, yule yule aliyeifundisha Nyamianda nzima usafi. Aliunusa kwa makini, macho yamefumbwa, kisha akanirudishia.

"Bado," alisema. "Ongeza samaki."